Kilichokuwa Kikigonga Chini ya Pikapu

Mwanangu alisema pikapu itauzwa Jumamosi, na aliyasema hayo huku anakula wali wangu. Kijiko hakikusimama hata kidogo.

"Mama, nimeshaongea na dalali. Yupo mtu Mlandizi anaitaka hivyo hivyo ilivyo. Ataikata auze spea."

Nikamwangalia. Huyu nilimbeba mgongoni kwa miguu mpaka hospitali Tumbi akiwa na degedege, leo ananiletea habari ya kuchinja gari langu kama anazungumzia kuku.

Nieleze kwanza, msije mkamwona mtoto mbaya. Pikapu aliiacha marehemu mume wangu. Wakati wa kuandikishana mimi nilikuwa ndani, nakaa eda, nikasema mwandikeni mwanangu, yeye ndiye anajua makaratasi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikaambiwa inatosha, nenda kalime. Nikaenda nikalima, na mpaka leo nalima. Nakaa Misugusugu, hapa Kibaha, lakini shamba langu liko Kisarawe, upande wa Mzenga: mihogo, na michungwa kidogo. Barabara ya kule ni mchanga, ukimaliza mchanga ni kilima, ukimaliza kilima ni mchanga tena. Magari ya kukodi yanafika mwanzo wa mchanga, dereva anashuka, anaangalia, anageuza. Pikapu ikiondoka, mihogo yangu italiwa na ngiri. Kwa hiyo mwanangu aliposema gari, mimi nilisikia shamba.

Lakini kweli nitaisema: gari lilikuwa linagonga. Ukiliondoa tu, ngoo! Ukibadilisha gia, ngoo! Ukisimama, kabla halijatulia, linagonga tena mara moja, kama mtu aliyesahau neno akarudi kulimalizia. Mlio unatoka chini ya miguu, unapanda kwenye kiti mpaka kwenye meno. Watoto wa mtaani walishaujua. Nikipita wananiitikia, "Karibuuu!" wakidhani gari linapiga hodi.

Mafundi watatu walishalishika. Wa kwanza alibadilisha mipira inayoshikilia giaboksi. Wa pili akaja na propela, lile bomba refu la chuma linalotoka giaboksi mbele kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma. Akasema viungo vyake vimekwisha, akaweka vipya. Wa tatu alifungua difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, akachungulia, akafunga, akafuta mikono, akaniambia, "Bibi, huu ni uzee tu."

"Mimi ni mzee kuliko hilo gari," nikamwambia, "na sigongi."

Sasa siku hiyo ya wali tulikuwa watatu kwenye mkeka. Mimi, mwanangu, na mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu. Huyu mjukuu ni fundi. Amesoma chuo cha ufundi, ameshika spana Morogoro miaka miwili kwenye gereji ya malori, na alikuwa amerudi kwangu mwezi ule ule, akapata kazi ya zamu gereji moja hapa hapa Kibaha. Mtaniuliza, fundi unaye ndani, kwa nini unahangaika na wa nje? Swali zuri. Jibu lake linaniaibisha: sikumwuliza. Nilimwona na lile ovaroli lake nikajua anatengeneza bajaji na vitu vidogo vidogo. Hakuna aliyemwuliza. Na yeye hakujipeleka, maana mjomba wake ndiye aliyewaita wale watatu, na kwetu mtoto hajitii kwenye kazi ya mkubwa mpaka aitwe.

Siku hiyo hakungoja kuitwa. Alinawa mikono, akasema, "Mjomba, naomba unipe mimi mpaka hiyo Jumamosi."

Mwanangu akacheka mpaka wali ukampalia. "Wewe? Mjomba, mafundi watatu wenye ndevu zao wameshindwa."

"Ndevu hazifungui nati, mjomba."

Nilimkanyaga mguu chini ya kanga ili anyamaze, lakini moyoni nilishangilia. Mwanangu akanywa maji, akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Si mtu mbaya, nimesema. Anaogopa tu gari litaniachia kilimani na mizigo nyuma. Akasema, "Haya. Jumamosi dalali anakuja na mteja. Nitaliendesha mwenyewe. Likigonga hata mara moja, linakwenda. Lisipogonga, linabaki, na sitalisema tena."

Nilidhani mjukuu wangu atakwenda moja kwa moja chini ya gari. Wapi! Kesho yake aliporudi kutoka kazini alichukua daftari, akanikalisha kwenye kigoda, akaanza kunihoji kama karani wa mahakama.

"Bibi, lilianza kugonga lini?"

"Baada ya masika."

"Masika haya au yaliyopita?"

"Yaliyopita. Ndiyo, yaliyopita, kabla mchungwa mkubwa haujaanguka."

"Linagonga ukiondoka au ukisimama?"

"Kote kote."

"Likiwa na mzigo je?"

Hapo nikakwama. Mtu umepanda gari mara mia, unaulizwa jambo dogo, hulijui. Nikafikiri. Nikamwambia sijui, mjukuu wangu, ninachojua ni kwamba kwenda shamba mimi na dereva ninayemlipa anipeleke huwa tumenuna, hakuna anayemsemesha mwenzake. Kurudi tunaongea njia nzima, tunacheka. Siku zote nilidhani ni kwa sababu ya kurudi nyumbani.

Alinyanyua kichwa. "Kwenda mnanuna, kurudi mnaongea."

"Eeh."

"Na kwenda gari ni tupu, kurudi limejaa."

Akaandika. Akapiga mstari chini yake, mara mbili. Mimi nikaona kile kichwa kinafanya kazi, nikanyamaza, maana hata mimi nikipima unga sipendi mtu anisemeshe.

Alhamisi alikuwa hana zamu. Uani kwangu walikuwepo wanawake saba wanaonunua mihogo kwangu wakaikaange barabarani, wamekaa wanamenya na kusengenya. Mjukuu wangu akatoka kwenye gari, akasimama mbele yao, akasema kwa adabu kabisa, "Mama zangu, shikamooni. Naomba mzigo."

"Marahaba. Mzigo gani, binti?"

"Nyinyi. Naomba mpande nyuma, niwazungushe kidogo."

Kelele zilizotoka hapo! Mmoja, mama lishe wa pale stendi, mwanamke wa haja, akainuka akajifunga kanga kiunoni. "Wanene kwanza! Wembamba mbaki, nyinyi mtapeperuka!" Mwingine akamjibu, "Wewe ukipanda peke yako si imetosha? Sisi tuendelee kumenya." Walipanda wote, wakishikana na kusukumana, visu wameacha chini, na mimi nikakaa mbele karibu na mjukuu wangu.

Akaondoa gari. Kimya.

Akabadilisha gia. Kimya. Tulisikia injini tu, na wale wanawake nyuma wameanza kuimba nyimbo za harusi. Akaenda mpaka kwenye duka la kona, akasimama, akarudi nyuma, akaondoka tena. Mimi nimeshika dashibodi kwa mikono miwili nangoja ile ngoo, haiji. Akageuza, akawashusha wote uani, mama lishe akadai nauli ya kupanda. Halafu tukaondoka tena sisi wawili, gari tupu.

Ngoo!

Nikasema Allah. Yeye akatabasamu kama mtu aliyemwona mwizi wa kuku wake kwa macho.

Wale mafundi watatu kila mmoja alilijaribu gari likiwa tupu, wakasikia kugonga, wakaanza kubadilisha vitu. Hakuna aliyelipakia. Huyu alilipakia wanawake saba na kitu akakipata, kabla hajafungua nati hata moja. Ndiyo maana nasimulia habari hii. Watu wanasifu mikono ya fundi. Mimi nilichosifu siku hiyo ni masikio, na ule uvumilivu wa kuuliza.

Akaingia chini na tochi. Nikaona miguu tu. Alikaa huko muda mrefu, anagusa hiki, anatikisa kile, anapima kwa kamba kutoka ardhini. Mara tochi ikasimama mahali pamoja. Nikauliza, "Umepata?"  Akatoka, akajifuta, akaenda kunawa uso bombani, akarudi akakaa chini mbele ya kigoda changu. Nikajua kuna jambo, na jambo lenyewe linanihusu.

Sasa lazima niseme, kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake. Ni utani wa kuzaliwa nao. Ananitukana, namtukana, ananinyang'anya marehemu mume wangu mdomoni, namwambia hata kupika hajui. Wakwe wakitusikia wanakimbia. Lakini utani huo una kazi yake. Maneno ambayo mama yake hathubutu kuniambia mpaka kiama, huyu anaruhusiwa, ilimradi ayaweke ndani ya utani.

Akasema, "Mke mwenzangu, anayegonga chini ya gari nimemjua."

"Nani?"

"Wewe."

Wanawake wote wakaacha kumenya.

"Mimi nimeingia lini chini ya gari, mshenzi wewe?"

"Hukuingia. Ulimtuma mtu. Nani aliongeza majani ya springi?"

Hapo nikakumbuka. Mwaka jana, kabla ya masika, nilikuwa nimechoka kwenda Mzenga mara mbili kwa mavuno ya mara moja. Nikaenda mwenyewe kwa mtu wa springi barabarani, nikamwambia aongeze majani mawili ya chuma kila upande wa nyuma ili gari libebe magunia yangu yote kwa safari moja. Akaongeza. Gari likainuka nyuma kama bata aliyezamisha kichwa kwenye tope. Nililipenda! Nilijigamba mtaa mzima kwamba pikapu yangu ndiyo ndefu kuliko zote Misugusugu. Na hilo jambo, wallahi, sikulihusisha na kugonga. Kugonga kulianza miezi baadaye.

Akanieleza, na alinieleza kwa kitu ninachokijua. "Bibi, propela ina sehemu inaingia na kutoka ndani ya mwenzake, kama mchi ndani ya kinu. Ukitwanga umesimama wima, mchi unashuka vizuri. Ukipinda, mchi unagonga ukingo wa kinu. Majani yako yameinua nyuma, propela imepinda, na ule mchi umevutwa umetoka zaidi, uko mahali pakavu pasipo na grisi. Ukipakia magunia, nyuma inashuka, inanyooka, kimya. Ukishusha, inapanda, inagonga. Na kile kipira kinachoshikilia propela katikati kimechanika kwa kazi hiyo hiyo."

"Kwa hiyo mafundi wale..."

"Walibadilisha vilivyochoka. Hawakuuliza vimechoshwa na nani."

Mama lishe akacheka peke yake, halafu akaona uso wangu, akaacha.

Nitasema kweli, nilikasirika. Nilinyanyuka nikaenda kuswali alasiri na hasira zangu, na Mungu anisamehe, nilisoma haraka haraka. Yale majani niliyatolea jasho. Kuyatoa ni kurudi kwenye safari mbili, asubuhi mbili za kuamka alfajiri na mgongo huu. Kuyaacha ni Jumamosi kuwaona watu wanaivuta pikapu ya mume wangu kwenda kuikata. Nilikaa kwenye msala mpaka hasira ikaisha, nikabaki na aibu, na aibu ni nyepesi kidogo kuliko hasira.

Nikatoka. Alikuwa bado amekaa palepale, hajagusa kitu, ananingoja. Angeweza kuanza bila mimi. Hakuanza.

"Toa," nikamwambia.

"Bibi, utabeba magunia pungufu."

"Nimesema toa. Umekuwa kiziwi?"

Ijumaa baada ya watu kutoka msikitini ndipo kazi ilipofanyika, na mimi sikutoka kwenye kigoda changu. Niliona kazi. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, na hakuiamini jeki, akaweka magogo mawili mazito chini ya chesisi. Nati za springi zilikuwa zimeshikana kwa kutu na udongo mwekundu wa Kisarawe. Akavika bomba refu kwenye mkono wa spana ili apate nguvu, akaning'inia na mwili wake wote mdogo ule. Nati ikalia kama mlango wa zamani, ikaachia. Majani yangu manne yakaanguka mchangani moja moja. Niliyahesabu.

Kabla hajafungua propela alichukua rangi nyeupe kidogo, akachora mstari unaovuka pale inapoungana. Nikamwuliza wa nini.

"Ili irudi ilivyokuwa. Ukiigeuza hata kidogo itatikisika."

Nikamwambia na mimi magunia yangu nayachora hivyo hivyo, ili mtu asinibadilishie. Akasema, "Basi wewe ni fundi," na nilifurahi kupita kiasi, mwanamke mzima.

Kile kijichuchu cha kupitishia grisi, wanakiita nipo, kilikuwa kimezibwa na udongo mkavu kama jiwe. Aliweka pampu ya grisi, akasukuma, haikuingia hata tone. Mtu mwingine angepaka grisi juu juu, akafunga, akaenda zake. Yeye alikifungua, akakilowesha kwenye mafuta ya taa, akakichokoa kwa sindano yangu ya kushonea magunia mpaka mwanga ukapita. Akakirudisha, akasukuma pampu. Kwanza ilitoka grisi nyeusi yenye mchanga, inakwaruza. Akaendelea mpaka ikatoka safi. Akaweka kipira kipya cha katikati, akalinganisha mistari yake myeupe, akakaza nati kwa zamu, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, kama mtu anayefunga mzigo wa kuni ili usilale upande mmoja.

Aliposhusha jeki, gari lilikaa chini. Lilikuwa fupi. Lilikuwa kama pikapu ya mtu yeyote.

Jumamosi walikuja saa nne. Mwanangu na shati lake jeupe la ofisini, dalali na simu mbili, na mteja wa Mlandizi, mzee mtulivu asiyesema mengi. Dalali ndiye aliyesema kwa wote. "Bosi, hili gari si kitu, tunakusaidia tu kuliondoa uwanjani."

Mwanangu akachukua ufunguo.  Akaingia peke yake, gari tupu, akaliondoa.

Nilisikiliza kwa mwili mzima. Gari likatoka uani, likapita mchanga, likaingia barabarani, likapotelea njia ya Tumbi. Mjukuu wangu alikuwa anakunja kitambaa chake cha grisi, anakikunjua, anakikunja. Ndipo nikajua kwamba naye aliogopa. Siku zote zile hakuonyesha. Nilimshika mkono.

Mwanangu alikaa muda mrefu huko alikokwenda. Aliporudi, aliingia uani, akasimama, akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi nyuma tena, kama anayeligombeza gari liseme. Halikusema. Akazima. Akabaki amekaa ndani, mikono kwenye usukani, anaangalia ukuta wa jirani.

Kisha akashuka, akamwambia dalali, "Kaka, samahani, nimekupotezea siku yako."

"Bosi! Lakini si umeona? Sasa ndiyo limekuwa gari! Mzee huyu ataongeza, sivyo mzee?"

Yule mzee akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ataongeza.

"Nimeona," mwanangu akasema. "Ndiyo maana haliuzwi."

Dalali akaanza hotuba. Mwanangu hakuisikiliza. Alikuwa amemgeukia mpwa wake. "Mjomba, ilikuwa nini?"

Binti akaniangalia mimi.  Angeweza kusema pale mbele ya watu kwamba ni bibi, ni majani ya bibi, na lingekuwa kweli, lakini hao hawakuwa watu wa utani wetu. Basi nikasema mwenyewe. "Ni mimi. Nililiongezea springi. Mwanao kaligundua, mafundi wako wenye ndevu walipita juu yake."

Mwanangu alitaka kucheka, akajizuia, akashindwa. Akacheka mpaka akashika boneti. Halafu akamwambia binti, "Nionyeshe."

"Mjomba, shati."

"Nionyeshe bwana."

Akajilaza mchangani na shati lake jeupe, akajisukuma chini ya pikapu kwa mgongo, na mpwa wake akaingia upande wa pili. Mimi niliona miguu minne imetoka nje: viatu vya ofisini vinavyong'aa na kandambili za bluu. Nikasikia sauti ya binti, taratibu, haina majivuno: "Hapa, mjomba. Shika hapa. Hii ndiyo inayoingia na kutoka. Sikia ilivyo laini." Na sauti ya mwanangu, "Aah," kama mtoto. Halafu, "Na hiki kijichuchu?" "Hicho nitakuonyesha kukijaza. Kila mwezi, usisahau."

Dalali alikuwa bado amesimama na simu zake, anataka kuinama awasemeshe. Nikamwambia aende, hapa watu wako kazini.